Kuitambulisha LM75 kwa keneli ya Linux: mwongozo kwa anayeanza

"Fundi, kihisi kinaonekana kwenye i2cdetect, lakini sensors haisomi kitu."

Swali hili limenifuata sana. Kihisi chenyewe ni LM75, kipima joto kinachofungwa kwenye njia ya I2C (njia ya nyaya mbili za mawasiliano); `i2cdetect` ni amri inayoonyesha vifaa vinavyojibu kwenye njia hiyo, na `sensors` ni amri inayosoma joto. Jana lilikuja na mwanafunzi wa Kyambogo mwenye mradi wa mwisho wa mwaka, wiki iliyopita na kijana anayemfungia shangazi yake mitambo ya banda la kuku kule Mukono. Jibu ni lile lile: umekifunga kihisi kwa nyaya, ila hujakitambulisha kwa keneli, yaani kiini cha Linux. Nenda ugenini, mwenyeji wako asikutambulishe kwa watu, uone. Utakaa kwenye kiti chako mpaka jioni, kila mtu anakuona, na hakuna anayekuuliza habari za safari.

Kifaa cha USB kikichomekwa hujitaja chenyewe: mimi ni nani, nimetengenezwa na nani. Kihisi cha I2C hakijitaji. Kinajibu kikiitwa kwa anwani yake, basi. Kwa hiyo keneli hupewa maelezo pembeni, katika kitu tunachokiita mti wa vifaa (device tree): maandishi yanayosema kuna kifaa gani, kiko kwenye njia gani, kwa anwani ipi. Keneli haihakiki maneno yako. Ukiandika kweli itapata kihisi, ukiandika uongo itauamini uongo. Nadharia ninayoihitaji hapa ni hiyo tu.

(Wengi husema "sensa". Mimi nasema kihisi. Sensa ni ile ya Mei 2024 tulipohesabiwa watu.)

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Raspberry Pi 3 au 4 yenye Raspberry Pi OS. Bodi nyingine za Linux hufuata kanuni hizi hizi, ila majina ya njia na mahali pa mafaili hubadilika.
- Kibao cha LM75. Hupima kuanzia nyuzi -55 hadi 125 za Selsiasi.
- Nyaya nne za jampa, na multimita ya bei rahisi.
- Kompyuta nyingine yenye sehemu ya kusomea memori kadi. Utaona kwa nini kwenye hatua ya 9.
- Programu tatu:

```
sudo apt install i2c-tools device-tree-compiler lm-sensors
```

Pakua hizi ukiwa bado mjini na bando. Nimewaona vijana wakifika shambani na kila kitu isipokuwa kompaila (hiyo `device-tree-compiler`), halafu mtandao unapanda na kushuka kama boda boda kwenye mtaro.

## Hatua

1. Zima Pi, kisha funga nyaya

Usifunge nyaya Pi ikiwa inawaka. VCC ya kibao (umeme) iende pini 1 (volti 3.3), GND (ardhi) iende pini 6, SDA (data) iende pini 3, SCL (saa) iende pini 5.

Onyo: usiipe VCC volti 5. LM75 yenyewe itavumilia, lakini vibao vingi vina rezista zinazovuta SDA na SCL kuelekea VCC, na miguu ya Pi haivumilii zaidi ya 3.3. Kihisi kitapona, Pi ndiyo itakayoungua.

Angalia pia vituo vya A0, A1 na A2. Ndivyo vinavyoamua anwani, kuanzia 0x48 hadi 0x4f, jumla nane. Vyote vikiwa kwenye GND, anwani ni 0x48. Kama kwenye kibao chako havijaunganishwa popote, viunganishe kwa tone la risasi. Vikibaki vinaelea, leo utapata anwani hii, kesho ile, na utadhani kuna jini.

2. Washa njia ya I2C

Fungua `/boot/firmware/config.txt` (kwenye matoleo ya Raspberry Pi OS ya kabla ya lile la Bookworm ni `/boot/config.txt`) na uhakikishe mstari huu upo, tena hauanzi na alama ya `#`:

```
dtparam=i2c_arm=on
```

Washa upya. Kisha:

```
sudo modprobe i2c-dev
```

3. Kiite kihisi, usikie kama kinajibu

```
sudo i2cdetect -y 1
```

Itatokea jedwali la vistari. Tafuta mstari unaoanza na `40:`

```
     0  1  2  3  4  5  6  7  8  9  a  b  c  d  e  f
40: -- -- -- -- -- -- -- -- 48 -- -- -- -- -- -- --
```

Hiyo `48` ni anwani kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 0x48. Ishike kichwani, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza baadaye.

Jedwali likiwa tupu, usiendelee. Hakuna maandishi yatakayorekebisha waya uliolegea. Rudi hatua ya 1, pima kwa multimita kama VCC inafika kwenye kibao, kisha jaribu kubadilishana SDA na SCL. Mara nyingi ndiyo tatizo.

4. Jaribu kwa muda, bila mti wa vifaa

Hatua hii wengi huiruka, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unaweza kumwambia keneli kwa mdomo, bila kuandika faili lolote:

```
echo lm75 0x48 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device
sensors
```

Ukiona `temp1` ikisoma joto la chumba, umejua mambo matatu kwa mpigo: nyaya ni nzima, kihisi ni kizima, na draiva ya lm75 (programu inayojua kuzungumza na kihisi hiki) ipo kwenye keneli yako. Kuanzia hapo kosa lolote litakuwa la maandishi yako. Hutahangaika tena na nyaya usiku wa manane.

Kishike kihisi kwa vidole viwili, uhesabu hadi kumi, uendeshe `sensors` tena. Joto likipanda, safi.

Sasa kiondoe, la sivyo anwani itabaki imeshikiliwa:

```
echo 0x48 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/delete_device
```

Utambulisho huu wa mdomo hufutika Pi ikizimwa. Kwa huku kwetu, umeme unapokatika bila taarifa, hautoshi. Ndiyo maana tunaandika.

5. Andika faili la nyongeza

Hatugusi mti mkuu wa Pi. Tunaandika kifaili kidogo ambacho mashine itakipandikiza juu ya mti huo wakati wa kuwaka. Kiite `joto.dts`:

```
/dts-v1/;
/plugin/;

/ {
    compatible = "brcm,bcm2835";

    fragment@0 {
        target = <&i2c1>;
        __overlay__ {
            #address-cells = <1>;
            #size-cells = <0>;
            status = "okay";

            kihisi: temperature-sensor@48 {
                compatible = "national,lm75";
                reg = <0x48>;
                #thermal-sensor-cells = <0>;
            };
        };
    };
};
```

Tuisome pamoja, kwa sababu kunakili bila kuelewa ndiko kulikokuleta hapa.

`target = <&i2c1>` inasema tawi letu linapandikizwa wapi: kwenye njia ya I2C namba 1, ile ya pini 3 na 5.

`#address-cells = <1>` na `#size-cells = <0>` zinasema kila kifaa kwenye njia hii kina namba moja ya anwani na hakina ukubwa. Acha kama zilivyo.

`kihisi:` ni lebo niliyoichagua mimi. Kwenye lebo unaweza kuweka herufi, tarakimu na mstari wa chini. Kistari cha kati hakikubaliki: `kihisi_banda` ni sawa, `kihisi-banda` kompaila itaikataa. Jina la tawi lenyewe, `temperature-sensor@48`, hutaja aina ya kitu na kuacha chapa yake, na baada ya `@` huja anwani bila `0x`.

`compatible` ndiyo mstari wenye uzito kuliko yote. Kwa maneno haya keneli hutafuta draiva. Kushoto kwa mkato ni mtengenezaji, kulia ni kifaa. Herufi ikipungua moja, hakuna draiva itakayoitika, wala hakuna atakayelalamika. Usilitunge neno hili kutokana na jina la bidhaa dukani. Majina yanayokubalika yameorodheshwa kwenye nyaraka za keneli yenyewe, folda ya `Documentation/devicetree/bindings/hwmon`, na kwa familia hii faili ni `lm75.yaml`.

Siri moja ndogo. Ukiandika `national,lm75`, draiva inachukulia kihisi cha biti 9, hivyo namba zinaruka nusu nyuzi: 24500, 25000, 25500 (kila 1000 ni nyuzi moja). Ukiwa na chipu ya LM75B ya NXP, andika `national,lm75b` na namba zitasogea kwa 125, kwa sababu draiva itasoma biti 11. Waya ni ule ule, kihisi ni kile kile, ila usomaji umekuwa laini zaidi kwa sababu ya herufi moja.

`reg` ni anwani. Sikiliza hapa. Andika `<0x48>`. Ukiandika `<48>`, kompaila itaisoma kama arobaini na nane ya kawaida, ambayo kwa kumi na sita ni 0x30. Keneli itakwenda kubisha hodi nyumba ya 0x30 ambako hakuna mtu, na kompaila haitakuwa imekuonya.

`#thermal-sensor-cells = <0>` inasema kibao hiki kina kihisi kimoja, hakuna haja ya kutaja namba. Itatumika hatua ya 9.

Makosa mengine ninayokutana nayo kwenye mafaili ya watu:

- Nukta-mkato iliyosahaulika. Kila sifa huishia na `;` na kila mabano yanayofungwa vilevile, `};`. Kompaila ikilalamikia mstari wa 15, angalia na wa 14. Kosa kwa kawaida liko juu ya pale inaponyooshea kidole.
- Alama za kunukuu zilizopinda. Ukitumiwa maandishi haya kwa simu, programu za ujumbe hupenda kugeuza `"` kuwa “ na ”. Kwa jicho ni zile zile, kwa kompaila ni takataka. Zifute uziandike upya kwa kibodi.
- Kukosa `/plugin/;` juu. Bila hiyo, `&i2c1` inakuwa lebo isiyojulikana na faili halikompailiki.

6. Kompaili

```
dtc -@ -I dts -O dtb -o joto.dtbo joto.dts
```

Ikinyamaza, imekubali. Mistari ya `Warning` isome, ila haizuii kazi. `ERROR` au `syntax error` inazuia.

7. Liweke mahali pake

```
sudo cp joto.dtbo /boot/firmware/overlays/
```

Kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa `config.txt`:

```
dtoverlay=joto
```

Bila `.dtbo`. Washa upya.

Kuna atakayesema: mbona kuna nyongeza iliyotengenezwa tayari, `dtoverlay=i2c-sensor,lm75,addr=0x48`? Kweli ipo, na kwa kazi ya haraka itumie, ila usiache kutaja `addr`, maana anwani yake ya kawaida kwa lm75 ni 0x4f. Mimi nakufundisha kuandika kwa sababu siku utakapopewa bodi isiyo Raspberry Pi, cha tayari hakitakuwepo.

8. Hakiki

```
sudo i2cdetect -y 1
```

Safari hii pale palipokuwa na `48` utaona `UU`. Watu hushtuka, huja mbio na Pi mkononi wakisema kihisi kimepotea. Hakijapotea! `UU` maana yake anwani imeshikwa na draiva. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Kisha:

```
cat /sys/bus/i2c/devices/1-0048/hwmon/hwmon*/temp1_input
```

Ukipata `27500`, ni nyuzi 27.5. Keneli huhesabu joto kwa elfu moja ya nyuzi. Gawanya kwa 1000.

Kwenye skripti zako tumia njia hiyo ndefu, usiandike `hwmon2` moja kwa moja. Namba ya hwmon hutolewa kwa mpangilio ambao vifaa vimewahi kufika, na mpangilio huo unaweza kubadilika Pi ikiwashwa tena. Anwani `1-0048` haibadiliki.

Na tafadhali usikibandike kihisi juu ya Pi yenyewe halafu ulalamike kwamba chumba kina nyuzi 45. Kinapima kile kinachokaa nacho.

9. Eneo la joto (si lazima, na lina meno)

Kama unataka tu kusoma joto, umemaliza. Ishia hatua ya 8.

Hatua hii ni kwa anayetaka keneli yenyewe ichukue hatua. Mfano wangu ni boksi la chuma lenye Pi ndani, limetundikwa chini ya paa la mabati. Saa nane mchana humo ndani ni tanuri. Nataka feni iwake boksi likifika nyuzi 45, na likifika 80 mashine ijizime kabla haijaharibika.

Ongeza vipande hivi viwili baada ya `fragment@0`, kabla ya mabano ya mwisho kabisa, kisha kompaili, nakili na uwashe upya kama hatua ya 6 na 7:

```
    fragment@1 {
        target-path = "/";
        __overlay__ {
            feni: gpio-fan {
                compatible = "gpio-fan";
                gpios = <&gpio 17 0>;
                gpio-fan,speed-map = <0 0>, <5000 1>;
                #cooling-cells = <2>;
            };
        };
    };

    fragment@2 {
        target-path = "/thermal-zones";
        __overlay__ {
            boksi-thermal {
                polling-delay-passive = <0>;
                polling-delay = <5000>;
                thermal-sensors = <&kihisi>;

                trips {
                    washa_feni: trip-point0 {
                        temperature = <45000>;
                        hysteresis = <3000>;
                        type = "active";
                    };
                    zima: trip-point1 {
                        temperature = <80000>;
                        hysteresis = <0>;
                        type = "critical";
                    };
                };

                cooling-maps {
                    map0 {
                        trip = <&washa_feni>;
                        cooling-device = <&feni 0 1>;
                    };
                };
            };
        };
    };
```

`polling-delay` ni milisekunde: keneli itasoma joto kila sekunde tano. Ukiandika 0 haitasoma kwa ratiba kabisa. `thermal-sensors = <&kihisi>` ndiyo inayorudi kwenye lebo yetu ya hatua ya 5. `active` ni kwa kitu kinachopoza kwa nguvu kama feni, `critical` ni kuzima mashine. Jina la eneo liwe fupi na liishie na `-thermal`.

Feni usiifunge moja kwa moja kwenye GPIO 17, mguu wa Pi tulioutaja kwenye mstari wa `gpios`. Mguu huo hutoa miliampea chache tu. Weka transista katikati, feni ipate umeme wake kwenye volti 5.

Sasa onyo kubwa la mwongozo huu, nalo nililinunua kwa nauli yangu. Boksi la kwanza nililofunga, niliandika `temperature = <80>` kwenye ile `critical`. Nilikuwa na haraka, nikafikiria nyuzi, nikasahau elfu. Kwa keneli hiyo ni nyuzi sifuri nukta sifuri nane. Mahali gani Uganda pana baridi hiyo, hata Kabale usiku wa Julai? Nilinakili, nikaongeza mstari kwenye `config.txt`, nikamwambia mteja aiwashe upya jioni, nikapanda teksi kurudi Kampala. Saa moja usiku simu: "Mashine yako inawaka, inahesabu kidogo, inazima." Inawaka, inazima. Draiva ya lm75 ilikuwa ikipakiwa, inasoma nyuzi 26, inaona mpaka wa hatari umevukwa zamani, inazima mashine kwa adabu zote. Kila mara. Mteja alishaanza kulaumu umeme.

Hapo huwezi kuingia kurekebisha, maana mashine haikai macho. Dawa ni ile kompyuta ya pili: toa memori kadi, ichomeke, fungua sehemu ndogo inayoonekana hata kwenye Windows, fungua `config.txt`, weka `#` mbele ya `dtoverlay=joto`, rudisha kadi. Dakika tano. Ila kwanza nililipa teksi tena asubuhi.

Kwa hiyo: andika `critical` mwisho kabisa, baada ya kuona `active` ikifanya kazi siku nzima. Na hesabu sifuri kwa kidole.

Jambo jingine ambalo nina msimamo nalo. Usitumie eneo la joto kuendesha banda la vifaranga wala tangi la maziwa. Maeneo ya joto ya keneli yapo kuilinda mashine yenyewe. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na kesho kutwa utataka kushusha. Kuandika hilo kwenye mti wa vifaa ni kukompaili upya na kuwasha upya kila mara shangazi anapobadili mawazo. Soma `temp1_input` kwa skripti, skripti ndiyo iamue.

Kuhakiki eneo:

```
grep . /sys/class/thermal/thermal_zone*/type
grep . /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp
```

Utaliona la kichakato, `cpu-thermal`, na lako `boksi-thermal`.

## Na kihisi cha maji je, DS18B20?

Wafugaji wa Mbarara na Kiruhura wanaopima tangi la maziwa huniletea DS18B20, ile yenye kichwa cha chuma na waya mrefu, na wanafanya vizuri. LM75 haipendi maji, na I2C haijatengenezwa kwa waya wa mita nyingi.

Utambulisho wake ni tofauti kidogo. Kila DS18B20 ina namba yake ya kipekee ya biti 64 na inaweza kuulizwa jina. Kwa hiyo kwenye mti unaeleza njia tu, vihisi vyenyewe hujitokeza:

```
dtoverlay=w1-gpio
```

Waya wa data uende pini 7 (GPIO 4), na rezista ya kiloomu 4.7 kati ya data na volti 3.3. Bila rezista hiyo hutaona kitu. Vihisi vitatokea kwenye `/sys/bus/w1/devices`, majina yakianza na `28-`.

Ukisoma `85000`, usikimbilie kumwaga maziwa. Hiyo ni namba DS18B20 inayowaka nayo kabla haijapima chochote. Ikijirudia, umeme wa kihisi unayumba: angalia waya na rezista.

## Ikikataa

`Could not open file` ya `/dev/i2c-1`. Njia ya I2C haijawashwa, au `i2c-dev` haijapakiwa. Hatua ya 2.

`sensors` haioni lm75, na i2cdetect bado inaonyesha `48`, siyo `UU`. Draiva haijakishika. Angalia kama tawi limefika:

```
ls /sys/bus/i2c/devices/
```

Ukiona `1-0048` lakini ndani yake hakuna kiungo kinachoitwa `driver`, tatizo ni `compatible` au moduli haipo. Endesha `modinfo lm75`. Ikijibu, moduli ipo, basi soma upya `compatible` herufi kwa herufi.

Ukiona `1-0030` badala ya `1-0048`, unajua ulichofanya. Rudi kwenye `reg`. Mara nyingi `dmesg | grep lm75` itakuonyesha pia kosa la `-121`, yaani keneli iliita na hakuna aliyejibu.

Usipoona chochote, nyongeza haikupandikizwa. Hakiki jina la faili na mstari wa `dtoverlay`, kisha tazama mti ambao keneli imeupokea:

```
ls /proc/device-tree/soc/i2c@7e804000/
```

`temperature-sensor@48` iwemo. Kama haimo, `config.txt` uliyohariri huenda si yenyewe. Wapo wanaohariri `/boot/config.txt` kwenye Bookworm, wakati inayosomwa iko ndani ya `/boot/firmware`.

Kosa la `-16` ukirudia hatua ya 4. Anwani tayari ina mwenyewe. Mti wa vifaa umeshakitambulisha kihisi, huhitaji kukitambulisha mara ya pili.

Kinasoma vizuri saa moja kisha kinapotea. Hapo sigusi faili hata kidogo. Navuta waya mmoja mmoja kwa upole huku `i2cdetect` ikirudiwa, mpaka niupate unaocheza. Nyaya za jampa za rangi rangi ni za mezani. Kinachokaa banda la kuku kichomelewe kwa risasi.

Eneo la joto halitokei ingawa `sensors` inasoma. Angalia mambo mawili: `#thermal-sensor-cells` ipo kwenye tawi la kihisi, na lebo ndani ya `thermal-sensors` ni ile ile. Kisha `dmesg | grep -i thermal`.

Feni haizunguki. Iondoe kwenye hadithi ya keneli kwanza. Gusa mguu wa kuwashia wa transista kwa volti 3.3 kupitia rezista. Isipozunguka hapo, tatizo ni la waya, transista au feni. Ikizunguka, shusha `temperature` ya `active` hadi chini ya joto la chumba, kwa mfano 20000, uwashe upya uone. Ile ya `critical` usiiguse.